Kulifanya gari kuukuu lishike barabara: niliyojifunza Mwanza kwa bajeti ndogo

Mwenye gari dogo kuukuu hapa Mwanza akilalamika kwamba linayumba, ushauri wa kwanza atakaopewa na jirani, dereva wa daladala au muuza speya ni kuliinua: weka spesa (kipande cha kuongeza urefu) juu ya shokapu, tafuta springi ndefu, gari likae juu. Ushauri huo una sababu zake, kwa kuwa mji huu umekaa juu ya mawe na vilima, na yeyote anayepanda vichochoro vya Mabatini au Isamilo anaijua sauti ya jiwe likikwaruza chini ya injini. Hata hivyo, gari linalokwaruza chini na gari lisiloshika barabara ni matatizo mawili tofauti, na mara nyingi dawa ya la kwanza hulizidisha la pili. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Mkolani na kazi yangu iko upande wa Kisesa, na gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Ninayoyaeleza hapa niliyapata nilipokuwa nikilirudishia gari hilo utulivu wake kwa bajeti ya shilingi laki sita na nusu, bila kuhesabu tairi.

Halikuwa gari bovu kwa maana ya kulala njiani. Injini ilikuwa nzima, gia ziliingia vizuri, na hapakuwa na taa ya onyo iliyowaka. Tatizo lilikuwa kwenye mwendo. Katika barabara ya mchepuko ya Usagara hadi Kisesa, mahali ambapo lami imenyooka, ilinibidi kuurekebisha usukani kila wakati kidogo kulia, kidogo kushoto, kama kwamba gari lilikuwa na mawazo yake. Nilipofunga breki kuyakaribia matuta ya Igoma, pua iliinama sana na gari likavutia kushoto. Kwenye kona liliegemea mara moja, kisha baada ya kitambo likaegemea tena, na huo uegemeo wa pili ndio unaomtia dereva hofu, kwa sababu unakuja wakati ameshadhani kwamba mambo yametulia. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na safari za Sengerema zikaachana na foleni ya kivuko, tabia hiyo ilidhihirika zaidi: katika kilomita tatu zilizo wazi juu ya maji, upepo wa ziwa ulilisukuma gari pembeni, nami nikawa nikiukamata usukani kwa mikono miwili kwa mwendo ambao magari mengine madogo yaliupita kwa raha.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja ni vizuri kujua kila kifaa kinafanya kazi gani, kwa kuwa lawama nyingi huelekezwa pasipostahili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito wowote wa maana. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda, na hufanya hivyo kwa kuyasukuma mafuta kupitia matundu madogo, hivyo mwendo wa kudunda unageuka kuwa joto. Wishboni (mkono wa chuma wa chini unaoliunganisha gurudumu na bodi), boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha yake), tairodi (fimbo inayoligeuza gurudumu kwa usukani) na bushi zake (mipira ya kwenye maungio) hulishikilia gurudumu katika mwelekeo ambao mhandisi aliukusudia. Kwenye Corolla yangu, kama ilivyo kwa magari mengi madogo, shokapu ya mbele ni ya mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, ambapo shokapu yenyewe ni sehemu ya nguzo inayolishikilia gurudumu. Kwa hiyo nondo ya shokapu ikipinda kidogo kwa kuingia shimoni, gari halidundi tu: gurudumu lenyewe limeshabadilika mkao.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa gereji moja ya Nyakato, mtu asiyependa haraka. Nilifika na orodha ya vitu vya kununua, shokapu nne zikiwa juu kabisa. Aliisoma, akanirudishia.

"Mwalimu, usinunue kitu leo. Tuliinue kwanza tuone linachezea wapi."

"Lakini mzee, si unaona linavyodunda?"

"Kudunda naona. Kuyumba bado sijakuona kunatoka wapi."

Wengi hupima shokapu kwa kuikandamiza pembe ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi. Kipimo hicho hukuonyesha shokapu iliyokufa kabisa, lakini iliyochoka nusu hupita bila kugundulika. Yeye aliliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, kisha akashika kila gurudumu juu na chini na kulitikisa, akitafuta uchezaji wa beringi na boljointi. Halafu akalishika kulia na kushoto, akitafuta uchezaji wa tairodi. Baada ya hapo akachukua mtaimbo mfupi na kuusukuma taratibu kwenye maungio ya wishboni. Hapo ndipo nilipoona. Bushi kubwa ya nyuma ya wishboni ya kushoto ilikuwa imepasuka mzunguko mzima, na chuma cha katikati kilitembea ndani ya mpira kama mchi kwenye kinu. Bushi hiyo ndiyo inayolizuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma, kwa hiyo kila nilipofunga breki gurudumu la kushoto lilirudi nyuma kidogo, likageuka, na gari likavutia upande huo. Linki za stebilaiza, yaani viunganishi vya fimbo inayopunguza gari kuegemea kwenye kona, zilikuwa zimelegea pande zote mbili, na tairodi moja ilikuwa na uchezaji mdogo. Shokapu za mbele zilikuwa zimevuja mafuta hadi vumbi limegandamana juu yake, ila za nyuma zilikuwa kavu na bado zikikaza.

Kwa namna hiyo bajeti ilijipanga yenyewe. Bushi zote za wishboni za mbele, linki mbili, tairodi moja, shokapu mbili za mbele na maunti zake za juu (vikalio vinavyozifunga kwenye bodi), kisha alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Bushi zote kwa jumla hazikufikia bei ya tairi moja jipya, nami naamini kwamba ndizo zilizobadilisha tabia ya gari kuliko kitu kingine chochote. Watu huzipuuza kwa sababu hazionekani, na kwa sababu muuza speya hapati faida kubwa kwa kukushauri ununue kipande cha mpira.

Suala la bushi linahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo kazi nzuri huharibiwa na haraka ya gereji. Kwanza, bushi huondolewa na kuingizwa kwa presi, mashine ya kukandamiza. Kuipiga kwa nyundo huku wishboni imelazwa juu ya jiwe huukunja ukingo wa chuma, na bushi mpya ikikaa upande haidumu. Pale ambapo gereji haina presi, ni afadhali kuichukua wishboni na kuipeleka kwa mafundi wa karakana za vyuma wenye nayo. Pili, na hili ndilo ambalo sikulijua kabla ya mzee yule kunionyesha, boliti za bushi za mpira hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha katikati, na ukikaza boliti chuma hicho hubanwa kisizunguke. Gurudumu likiwa linaning'inia, wishboni imeinama chini. Ukikaza hapo na kulishusha gari, mpira hubaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Bushi ya namna hiyo huchanika mapema sana, na mwenye gari huishia kuilaumu speya. Mzee aliweka boliti zote kwa mkono, akaiweka jeki chini ya boljointi, akainua hadi mwili wa gari ukaanza kuiacha stendi, ndipo akakaza. Kazi hiyo ya ziada haizidi dakika chache kwa kila upande.

Kuna pia bushi za poliyurethani, ambazo ni ngumu kuliko za mpira na husifiwa na wapenda mbio. Kwa barabara za lami tupu zina faida yake. Kwangu mimi, ninayepita vumbi na mawe, ugumu wake ungepeleka kila mtikisiko ndani ya gari, na zisipopakwa grisi inayofaa hupiga kelele. Vilevile kuna mafundi wanaochonga bushi kutoka kwenye tairi chakavu. Ninauheshimu ubunifu huo, na umeyaokoa magari mengi vijijini, lakini mpira wa tairi una nyuzi ndani yake na haujagandishwa kwenye chuma, kwa hiyo haulishikilii gurudumu kwa usahihi ninaouzungumzia hapa.

Kuhusu shokapu, swali kubwa lilikuwa mpya au za mtumba kutoka Japani. Za mtumba huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na mpya, na kwa vitu vingi vya gari mtumba wa Japani ni chaguo la busara. Shokapu ni jambo jingine, kwa kuwa ni kifaa kinachochakaa kwa kufanya kazi, na iliyotolewa kwenye gari la umri uleule inaweza kuwa imetembea kilomita nyingi kuliko unayoitoa. Wakati mwingine mtumba huja na kutu ya kutisha, na hapa ningependa kuliondolea ziwa letu lawama. Ziwa Victoria ni la maji baridi na halina chumvi ya kula chuma. Kutu nyingi unayoikuta chini ya magari haya imetoka Japani, katika mikoa ya theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Anayelazimika kununua za mtumba aikandamize nondo hadi mwisho akiwa ameisimamisha wima, asikilize kama kuna mahali inapopita bila ukinzani, na aitazame nondo kama ina mikwaruzo. Ikiwa ni ya gesi, irudi juu yenyewe polepole.

Niliamua kununua mpya za gesi kwa mbele na kuziacha za nyuma kwa wakati ule, kwa sharti moja tu, kwamba ekseli moja isichanganywe shokapu mpya na kuukuu. Gesi iliyomo ndani, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, huyazuia mafuta yasitoe povu pale shokapu inapofanya kazi mfululizo. Hilo lina maana kubwa kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vidogo vidogo vilivyofuatana, ambako shokapu hupanda na kushuka bila kupumzika hadi ikapata moto. Nilinunua pia kinga za vumbi na vipande vya mpira vinavyozuia shokapu isigonge mwisho, kwa sababu za zamani zilikuwa zimeoza. Vumbi likiingia kwenye sili, shokapu mpya hufa mapema, na ni jambo la kushangaza jinsi watu wanavyoacha kununua kinga ya bei ndogo ili kuilinda shokapu ya bei kubwa.

Usalama nao usipitwe. Springi iliyobanwa kwenye nguzo ya shokapu ina nguvu ya kumuua mtu, na nati ya katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake maalumu, pande mbili zinazotazamana. Nimeona gereji zikitumia waya na kamba. Sikukaa karibu.

Turudi kwenye spesa, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Kitovu cha uzito cha gari dogo la namna hii kiko karibu nusu mita juu ya ardhi. Ukilipandisha kwa sentimita tatu, uzito unaohamia kwenye magurudumu ya nje katika kona huongezeka kwa takriban asilimia sita. Hicho ni kiasi ambacho mtu angeweza kukivumilia. Kinachoumiza zaidi ni pembe. Wishboni huinama kuliko ilivyokusudiwa, magurudumu hubadili mwelekeo, sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) hufanya kazi katika mkunjo mkali hadi mipira yake ichanike, na boljointi hukaribia mwisho wa uwezo wake kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo. Spesa za mpira zinazopachikwa katikati ya duara za springi zina ubaya mwingine: shokapu hukaa karibu na mwisho wa kurefuka kwake hata gari likiwa limesimama, hivyo gurudumu halina nafasi ya kutosha ya kushuka, na badala ya kuifuata barabara linaning'inia na kugonga.

Upande wa pili wako vijana wanaokata springi ili gari likae chini. Springi yenye duara sita zinazofanya kazi ikikatwa moja huwa ngumu kwa asilimia 20, jambo ambalo kwa maneno linavutia, lakini nafasi ya kutembea hupungua wakati huohuo, na gari linapodunda kwa nguvu springi fupi inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa la maisha ya hapa: mlango wa kivuko cha Kamanga una mteremko wake, na gari lililoshushwa huacha bampa hapo. Springi zangu za kiwandani zilipimwa zikiwa nje, urefu wa kulia na wa kushoto ukalingana, nazo zikarudishwa zilikotoka.

Tairi nilikuwa nimeshabadilisha awali, na nitaligusia kwa ufupi kwa kuwa mwenye bajeti ndogo lazima alipange mapema. Gari lilikuwa na rimu za inchi 13 na tairi za 175/70, yaani upana wa milimita 175 na ubavu wa asilimia 70 ya upana huo. Nilihamia inchi 14 kwa kipimo cha 185/60, kwa kuwa kipenyo cha nje hubadilika kwa chini ya asilimia moja na kipima mwendo hakidanganyi. Ubavu wa tairi hupungua kutoka milimita 122 hadi 111, hivyo usukani hujibu upesi zaidi bila rimu kuwa karibu mno na mashimo. Kuzidi hapo, kwenda inchi 16 au 17 kwa ubavu mwembamba, ni kutafuta rimu zilizopinda. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa desturi ya kijana wa upepo, na tarakimu nne za tarehe zilizoandikwa ubavuni zisomwe kabla ya kulipa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Alaimenti hufanywa mwisho, na kuifanya kabla ya kubadili bushi ni kutupa fedha, maana mashine haiwezi kupima kitu kinachotembea. Niliomba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Mwelekeo wa magurudumu ya mbele ulirekebishwa kwa tairodi. Mwinamo wa gurudumu kwa ndani au nje, ambao mafundi huuita kemba, kwenye gari hili hauna skrubu ya kurekebishia, lakini matundu ya boliti mbili za chini ya shokapu yana nafasi ndogo. Mzee alikuwa ameusukuma upande wa juu wa gurudumu ndani kabla ya kukaza, pande zote kwa namna ileile, na mashine ikaonyesha kulia na kushoto vikikaribiana sana. Kama tofauti kati ya pande ingekuwa kubwa, hiyo ingekuwa ishara ya wishboni au nguzo iliyopinda, na hapo hakuna alaimenti inayotibu.

Gari lilivyotoka pale bado linaegemea kwenye kona, kwa kuwa springi ni zilezile laini za kiwandani. Tofauti ni kwamba linaegemea mara moja, linatulia, na linabaki hapo mpaka kona iishe. Kuvutia kushoto kumekwisha. Darajani upepo bado unasukuma, lakini usukani unahitaji mkono uliotulia tu. Jambo ambalo sikulitarajia ni starehe: mashimo yaleyale ya Buhongwa yanapita bila ule mgongano wa chuma, kwa sababu sehemu kubwa ya kelele niliyoidhania ni ya shokapu ilikuwa ya linki za stebilaiza.

Baadaye, fedha zilipopatikana, nilibadili shokapu za nyuma na bushi za vile vyuma vya pembeni vinavyoelekeza magurudumu ya nyuma, kwa utaratibu uleule wa kukaza gari likiwa limebeba uzito. Kilichobaki sasa ni stebilaiza ya nyuma, ambayo gari langu lilitoka kiwandani bila kuwa nayo. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele lina pua nzito na hupenda kusukumia nje ya kona, na stebilaiza ya nyuma hupunguza tabia hiyo. Unene wake uchaguliwe kwa uangalifu, kwa kuwa ugumu wa fimbo hiyo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46, na ugumu mwingi kule nyuma, juu ya vumbi lililolowa masika, hulifanya gari litupe mkia. Kabla ya kununua nililala chini ya gari na tochi kuangalia kama matundu ya boliti za kuifungia yapo kwenye bodi, nayo yapo. Muuza speya wa mtumba alikuwa nazo mbili, nene na nyembamba, na alinisisitizia ile nene. Nimelipia nyembamba, na itafungwa mvua zikiisha.